Shukrani kwa Mama wa Lamu

Shikamoo Mama. Mashua za kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, zilikuwa zimekwisha, nami nimekaa kwenye baraza ya daka lako, ukumbi wa mlangoni, kama mzigo uliosahaulika. Ukamtuma mjukuu na kahawa chungu, kikombe kidogo kisicho na mkono, na kipande cha halua. Kisha wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikisema nimeshiba, unaongeza. Kubishana nawe ni kazi bure!

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina sabule, chumba cha mgeni kilichotengwa na vyumba vya ndani. Nikalala humo, na hukuniuliza ninakotoka mpaka nilipokwisha kula. Pesa ulizikataa kwa ukali. Mungu akuzidishie, Mama, wewe na wanao.