Kwenu vijana wa fanfari: habari za Manu Dibango, na tuba iliyolala kwangu

Wanangu wa fanfari, bendi yetu ya kupuliza na ngoma, ya harusi na vilio,

Maneno haya ningewaambia ana kwa ana, ila tangu ile harusi ya mtaa wa Bel-Air hamkai tena kwenye benchi moja, na magoti yangu hayana nguvu ya kuzunguka mitaa yetu ya Lubumbashi, Kenya (si nchi, ni mtaa wangu), Katuba hadi Ruashi, nikimtafuta kila mmoja parseli kwa parseli. Basi naandika mbele ya watu wote. Wengine wakisoma, wasome. Ugonjwa huu haujawashika ninyi peke yenu katika Lubumbashi hii.

Nilivyoelezwa ni hivi. Mlilipwa dola 300. Wa saksofoni akasema yeye ndiye aliyebandikwa noti kwenye paji la uso, kwa hiyo fungu lake liwe nono. Wa trompeti akauliza ni nani aliyekuwa akimpa sauti ya kuanzia kila wimbo. Wa ngoma kubwa hakusema kitu, alijitwika ngoma yake akaondoka nayo Katuba. Tromboni mbili zikahamia Ruashi. Tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kwa kuwa ni nzito na hakuna anayepigwa picha akiipuliza, ikasukumwa kwa mkokoteni wa pusi-pusi mpaka kwangu, ikaachwa barazani kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Nasikia pia kuna aliyetamka neno la kabila. Hilo sitalijibu humu. Sisi tulioona mwaka 1992 na 1993 majirani zetu wakifukuzwa kwa ajili ya kabila lao, wakipanda treni na magodoro yao kichwani, hatuna tena masikio ya kusikiliza hayo.

Hata hivyo nisingeshika kalamu. Fanfari huvunjika kila siku. Kilichoninyima usingizi ni huyu wa saksofoni, aliyekuja kunisalimia akiwa na picha ya Manu Dibango, yule mpuliza saksofoni wa Kameruni, ndani ya simu: kichwa kilichonyolewa, miwani nyeusi, saksofoni juu. Akaniambia: «Papa, mimi nataka kuwa hivi. Mbele, peke yangu.»

Mwanangu, mtu umemchagua vizuri. Maisha yake ndiyo hukuyauliza.

Manu alizaliwa Douala, Kameruni, tarehe 12 Desemba 1933. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali, mama yake mshona nguo. Baba kabila hili, mama kabila lile, na muziki wa kwanza alioujua ni wa kwaya, kwenye kanisa la Kiprotestanti. Kwaya, mnanielewa? Mahali ambapo sauti yako ikipanda kuliko ya jirani unakanyagwa mguu. Mwaka 1949, akiwa na miaka 15, baba alimpeleka Ufaransa akasome. Siku 21 baharini, na mzigoni kilo 3 za kahawa. Kahawa ile haikuwa zawadi: ndiyo malipo ya kwanza kwa familia iliyompokea katika mji mdogo wa Saint-Calais, maana vita vilikuwa vimeisha juzi tu na kahawa ilikuwa adimu kule.

Baba alitaka mwana mwenye diploma. Mwana akapotelea kwenye piano, kisha Mkameruni mwenzake, Francis Bebey, akamfungulia mlango wa jazi, kisha saksofoni ikamkamata. Mtihani wa mwisho wa sekondari akaukosa. Mwaka 1956 baba akakata pesa. Kijana akaenda Brussels, akawa anapuliza na kupiga piano kwenye mabaa ya usiku ili ale. Hakuna aliyekuja kumsikiliza yeye. Watu walikuja kunywa na kucheza dansi.

Sasa hapa ndipo habari inapotuhusu sisi. Mwanzoni mwa 1960 wakubwa wetu wa siasa walikwenda Brussels kwenye mkutano wa Meza ya Duara kudai uhuru, na mwimbaji Joseph Kabasele akaenda na orkesta yake, African Jazz. Huyo ndiye Grand Kallé. Akiwa Brussels akamsikia huyu Mkameruni, akampenda, wakarekodi pamoja, na mwaka 1961 akamchukua mpaka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Manu alikuja na mke wake Mbelgiji, wakati Wabelgiji wengi walikuwa wanafunga masanduku kuondoka. Akaja kufanya nini? Kuwa nyuma ya Kallé. Aliyeimba ni Kallé, jina kwenye bango ni la Kallé, gitaa lililopagawisha watu ni la Nico Kasanda. Manu aliketi kwenye piano. Wimbo ukihitaji saksofoni, anasimama na saksofoni. Ukimalizika, anarudi kuketi.

Mwaka 1962 nilikuwa na miaka 12. Katanga, jimbo letu, ilikuwa imejitenga, ina bendera yake na stempu zake, na Léo, ndiyo Léopoldville, kwetu ilikuwa kama ng'ambo. Lakini redio haikuombwa pasi. Mjomba wangu alikuwa na redio ya betri aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli isifunguke mgongo, na usiku wa manane, mawimbi yakitulia, tulisikia twist, dansi ya siku zile, iliyokuwa ikitoka huko. Mjomba hakutaja jina la mpuliza saksofoni. Hakulijua. Alinyoosha kidole tu: «Sikia huyo, hamuingilii muimbaji. Anamngoja avute pumzi.» Nilikuwa mtoto, nikadhani ananieleza habari ya muziki tu.

Kallé naye hakudumu. Mwaka 1963 Nico na mwimbaji Tabu Ley waliondoka na wanamuziki wengi wakaanzisha chao, na African Jazz, orkesta iliyoipigia nchi nzima wimbo wa uhuru, ikabaki jina. Mnaona ninachowaambia? Ninyi hamjabuni kitu. Sisi Wakongo tumekuwa tukivunja orkesta tangu kabla baba zenu hawajaoa. Mara nyingine zinazaliwa mbili nzuri kutoka moja, hilo nalikubali, na Tabu Ley ni ushahidi mkubwa. Lakini Tabu Ley alikuwa Tabu Ley. Ninyi mmegawana tromboni.

Manu alirudi kwao Kameruni mwaka 1963, akafungua klabu yake mwenyewe, akafilisika. Mwaka 1965 yuko Paris, ana miaka zaidi ya 30, anaanza upya. Alipiga nyuma ya waimbaji wa kule: Dick Rivers, halafu Nino Ferrer, tena kwanza kwenye ogani, si saksofoni. Na Kallé alipofika Paris akitaka kurekodi tena, aliyekuwa studioni upande wa nyuma ni Manu yuleyule.

Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Afrika. Manu akatunga wimbo wa kuishangilia timu ya taifa. Sahani ya santuri ina pande mbili, na upande wa pili lazima ujazwe kitu. Akaweka makosa ya kwao. Namaanisha makossa, ngoma ya Douala, ila sisi huku Lubumbashi tuliposikia mara ya kwanza tulidhani Mkameruni anatubu dhambi zake, na anatubu kwa kigugumizi, maana neno lile analivunjavunja vipande. Mama yangu alisema, «Aliyekosa sana ndiye anaimba hivyo.» Basi timu ya Kameruni ikapigwa na ndugu zetu wa Kongo-Brazzaville kwenye nusu fainali, Brazza wakabeba kombe, na wimbo wa kushangilia ukabaki bila wa kumshangilia. Upande wa pili ndio uliovuka bahari. New York, DJ David Mancuso akawa anaupiga kwenye sherehe zake, redio zikaudaka, na mwaka 1973 kampuni ya Atlantic ikautoa Marekani. «Soul Makossa» ukafika nafasi ya 35 katika orodha kuu ya nyimbo kule. Alikuwa anakaribia miaka 40. Hesabu, wewe wa saksofoni: tangu Brussels, ni miaka mingapi nyuma ya migongo ya watu? Na wewe una miezi minane.

Nilijua utasema kwamba baada ya hapo alikaa mbele. Kweli, alikaa mbele. Mwaka 1974 alirudi Kinshasa kwenye lile tamasha kubwa la wakati wa pambano la ngumi la Ali na Foreman, safari hii akiwa nyota. Halafu akafanya nini? Mwaka 1975 akaenda Abidjan kuongoza orkesta ya redio na televisheni ya Ivory Coast, karibu miaka minne, akiwapigia waimbaji waliopita pale, wakubwa na wadogo. Mtu ambaye Amerika imemcheza.

Kuna jambo la karatasi, nalo nataka wa trompeti asikie, kwa sababu ndiye anayejua Kifaransa cha mikataba. Mwaka 1982 Michael Jackson alikitia kile kigugumizi mwishoni mwa wimbo wake mmoja bila ruhusa. Manu alidai mahakamani, wakamalizana nje kwa malipo. Mwaka 2007 Rihanna akakirudia, na mwaka 2009 mzee yule, miaka 75, akarudi mahakamani tena, na hiyo mara ya pili mambo hayakumwendea. Kilichompa nguvu ya kudai ni kwamba jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kazi. Lenu limeandikwa wapi? Mna nyimbo nne za kilio mlizotunga wenyewe, nimezihesabu, na fanfari nyingine tatu za mji huu zinazipiga kila mwili unapotoka mochwari. Kabla ya kugombana juu ya dola 300, nendeni mkaziandikishe, majina yote, hata la wa tuba.

Sasa langu. Mwaka 1976 nilipuliza saksofoni katika orkesta moja ya hapa. Jina naliacha, wenzangu wengine wangali hai. Jumamosi moja shefu, kiongozi wa orkesta, alimpa mwenzangu kipande changu cha kupuliza peke yake, usiku huo tu, kwa sababu mke wa mwenzangu alikuwa amejifungua. Watu wamejaa ukumbini. Mimi nikafunga sanduku, nikatoka kwa mlango wa jikoni. Nilidhani watakuja kunibembeleza. Nikaitundika saksofoni kwenye msumari, nikangoja. Miaka 11. Siku niliyoitelemsha, mende walikuwa wamekula vile vizibo vya ngozi vinavyofunika matundu, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio kama wanasoma noti. Nilipuliza ikatoka hewa. Sasa nimeitengeneza, ila meno ya mbele hayapo, na saksofoni inataka meno.

Shefu yule alikufa tukiwa hatujasemezana.

Unajua saksofoni ni nini, mwanangu? Mwaka 1846 Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant, alipata hati ya uvumbuzi wake. Bati lake ni shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba iko hapa chini ya miguu yetu, zinki iko Kipushi, mwendo wa kilomita 30. Nani ajuaye, labda hiyo yako ilitoka hapa ikiwa udongo ikarudi ikiwa chombo. Lakini pamoja na shaba yote hiyo, walimu wa muziki hawaihesabu na vyombo vya shaba, wanaiweka kundi la mbao, pamoja na klarineti. Sababu ni ule ulimi wa mwanzi mdomoni, kitu chembamba unachoweza kukivunja kwa ukucha. Ukipuliza bila kuulowesha, unalia kama mbuzi. Nimekuona kwenye harusi: wenzako wanaanza, wewe unashika simu, ulimi unakauka, halafu zamu yako inafika unaukimbilia. Ulimi wa saksofoni unalowa wakati wengine wanapiga. Uweke mdomoni, nyamaza, sikiliza wa tromboni wanasema nini. Mjomba wangu aliliona hilo kwa redio ya mpira wa baiskeli.

Manu alifariki tarehe 24 Machi 2020, Ufaransa, kwa Covid, akiwa na miaka 86. Ninyi mnaoishi kwa vilio mtaelewa kilichoniuma. Siku zile watu walikatazwa kukusanyika. Familia ikatangaza mazishi ya ndani, wao kwa wao. Mtu aliyewapulizia waimbaji wa mabara matatu akazikwa na watu wachache, bila fanfari. Hapa Kenya muuza mkaa akifa anasindikizwa na tromboni mbili na ngoma. Zilikuwa mbili, kabla hazijaenda Ruashi.

Jumamosi, saa tisa alasiri, geti langu litakuwa wazi. Wa ngoma kubwa, njoo na ngoma. Wa tromboni, teksi nitawarudishia. Wa saksofoni, njoo wa kwanza, uketi kiti cha mwisho, na simu utampa bibi yako jikoni. Yule mdogo wenu wa tuba nimesikia anapakia malori njia ya mpakani, Kasumbalesa. Mmoja wenu amfuate, tena aliyemtukana ndiye amfuate.

Jambo jingine. Jana mjukuu wangu aliigeuza tuba kichwa chini kuikung'uta vumbi, zikaanguka noti. Za franga 500 saba, ya franga 1,000 moja, zote zimekunjwa vidogo. Inaonekana kule Bel-Air kuna wageni waliokuwa wakizitumbukiza humo usiku kucha, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona. Ni franga 4,500. Ziko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, sijazigusa, mtazihesabu wenyewe mkiwa wote.

Mzee wenu wa Kenya