Bure gani hii, mhariri?

Mhariri,

Nawasoma kimya kimya miaka mingi, sijawahi kuwaandikia hata mstari, ila ile ripoti yenu ya mfumo mpya wa kuhifadhi na kugawa picha za setilaiti imenishinda. "Wazi na bure kwa kila mtu", mmerudia mpaka basi. Hivi mwandishi wenu alishawahi kupakua hata picha moja? Sio kuichungulia pale kwenye ramani, kuipakua.

Sikatai, tumetoka mbali. Landsat, zile setilaiti za Wamarekani, zinapiga picha tangu 1972, na mpaka walipozifungua 2008 ilikuwa unanunua. Tukashangilia, tukadhani yameisha.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilitaka picha 8 za zamani za bwawa moja, za Sentinel-2, setilaiti za Wazungu wa Ulaya, nione maji yamepungua kiasi gani. Nikaenda kwenye hazina moja (siitaji, zinazogawa picha hizo ziko kibao, wenyewe wanajijua), nakuta mlango, yaani tovuti ya kupakulia, umehamishwa, akaunti yangu haitambuliki, jisajili upya. Nikajisajili. Skripti yangu, kijiprogramu nilichoandika kilichokuwa kinanivutia picha usiku nimelala, ikafa palepale maana anwani zote zimebadilishwa. Haya, kwa mkono basi. Kapicha kadogo ka kuonjea nakaona kabisa, nabofya, naambiwa picha yenyewe haiko mtandaoni, weka oda usubiri. Nimesubiri siku 2, imeili ya kwamba iko tayari ikaingia saa nane usiku, mi niko usingizini, asubuhi nakimbilia kazini, jioni nafungua linki imeshakufa, naoda tena, safari hii nikakaa macho kama mlinzi, faili la karibu mega 700 likaanza kushuka likakatika kwenye asilimia 92, na seva yao haijui kuendelea pale ilipoishia, inaanza sifuri! Mara tatu! Ya nne likamaliza, nafungua zipu, eror, faili bovu. Na mi nilikuwa nataka kipande cha kilomita 3 tu jamani, wananibebesha taili zima, kile kipande cha mraba wanachokatia picha, la kilomita 110 kila upande na bendi zote 13, yaani picha ya kila rangi ya mwanga peke yake, wakati natumia 2. Na sio kwamba haiwezekani, kuna faili za tif zinapangwa vizuri ndani kiasi kwamba programu inasoma kile kipande tu unachotaka inaacha mengine, wengine wanafanya hivyo miaka sasa. Nikawaandikia watu wa msaada, jibu likaja siku ya tano: "tumehamia kwenye wingu", yaani seva za kukodi za mtandaoni. Kazi yangu yote ni kukwepa mawingu kwenye picha, kumbe mengine yako kwenye seva.

Halafu tukiwa hapohapo, hili la namba nalo. Tangu 25 Januari 2022 picha za Sentinel-2 zinatoka na 1000 imeongezwa kwenye thamani za pikseli, zile namba za kila kidoa cha picha tunazopimia hali ya mimea. Ilitangazwa, ndiyo, na imo kwenye faili la maelezo, lakini kuna wagawaji wanaiondoa kabla hawajakupa na kuna wanaoiacha, na ukurasa wa kupakulia uko kimya. Mtu anaunganisha picha za 2021 na za 2022, hajaitoa ile 1000, anaona mimea imedhoofika kwa siku moja, anaandika ripoti ya ukame. Nani atamlaumu?

Mi pendekezo langu ni dogo. Kabla hawajazima mlango wowote wa zamani, meneja wa mfumo afungiwe chumbani na laptopu yenye ramu giga 4 na intaneti ya simu, Jumatatu asubuhi, apakue picha moja ya 2016 na aifungue ionekane. Akitoka kabla ya Ijumaa, mwandishi wenu aendelee kuandika "bure".

Mimi msomaji wenu, niko picha ya tano kati ya 8.