Barua ya wazi kwa vijana wanyanyua vyuma wa Mwananyamala

Wanangu,

Nawasalimu nyote. Kila jioni nawaona mkinyanyua vyuma, vingine vya dukani, vingine makopo mliyoyajaza zege wenyewe, na ukutani mmebandika picha ya Ronnie Coleman, bingwa wa kutunisha misuli. Sina ugomvi na picha hiyo, ila nataka mumjue mtu huyo mzimamzima, si misuli yake peke yake.

Coleman, aliyezaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1964, alihitimu uhasibu katika Chuo Kikuu cha Grambling, kisha akawa askari polisi mjini Arlington, Texas. Mwenye ukumbi wa mazoezi wa Metroflex alimruhusu kufanya mazoezi bure kwa sharti kwamba ashindane, naye mwaka 1990 akawa bingwa wa Texas. Mnapomsimulia, mnaruka kutoka hapo hadi ubingwa wa 1998 wa Mr. Olympia, shindano kubwa kuliko yote la kutunisha misuli duniani, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Katika mashindano hayohayo alikuwa wa 15 mwaka 1994, na mwaka 1997 akawa wa 9, na muda wote huo alivaa sare akaenda kazini; hata baada ya kutwaa taji hakuharakisha kuiacha kazi. Alishinda mara 8 mfululizo hadi 2005, sawa na bingwa wa zamani Lee Haney, kabla ya mpinzani wake Jay Cutler kumvua taji mwaka 2006. Uvumilivu huo, wanangu, ndio ninaotamani mwuige.

Uzito aliounyanyua msiuige. Alichuchumaa na kuinuka mara mbili akiwa na takriban kilo 363 mabegani, na baadaye akafanyiwa upasuaji mwingi wa mgongo na nyonga, hata akawa mtu wa magongo na kiti cha magurudumu. Amesema hadharani kwamba hajutii, na hilo ni lake. Ninyi mgongo ndio unaowalisha: wengine mnabeba mizigo Kariakoo, wengine mnaendesha bodaboda, wengine mnasimama milangoni usiku kucha kama mabaunsa.

Kuhusu sindano za kukuza misuli mnazouziana kwa siri, nasema bila kuficha. Mwili unaoingiziwa homoni ya kiume kutoka nje hupunguza au huacha kutengeneza yake, korodani husinyaa, damu huwa nzito na moyo huweza kutanuka. Ambaye hajaanza, asianze. Aliyekwisha kuanza aende hospitali wiki hii, apimwe shinikizo la damu na moyo, na amtajie daktari kila dawa aliyojidunga, hata kama anaona haya.

Mzee wenu