Chupa 12 za insulini hazimalizi mwaka

Bwana Mhariri,

Katika mikataba mingi ambayo mituweli za afya (vyama vya wanachama vya kuchangia matibabu) na makampuni ya hapa Lubumbashi husainiana na hospitali, insulini, dawa ya sukari ya kujidunga, inapewa mstari mmoja tu: chupa moja kwa mwezi. Aliyeuandika hakuwa na nia mbaya. Dawa nyingine zinahesabiwa kwa mwezi, na mchango wa mwanachama unalipwa kwa mwezi. Ila insulini haifuati kalenda, na mstari huo ndio unaomfanya mtu mwenye kadi mkononi azunguke farmasi za mjini akitafuta dawa kwa pesa zake.

Hesabu yenyewe ni hii. Chupa ya kawaida ina mililita 10, na kila mililita ina yuniti 100. Jumla yuniti 1,000. Mgonjwa anayejidunga yuniti 24 asubuhi na 16 jioni anatumia 40 kwa siku, kwa hiyo chupa inamwishia siku ya 25. Kwa mwaka anahitaji yuniti 14,600, yaani chupa 15. Mkataba unampa 12. Anayetumia yuniti 20 kwa siku naye hajasalimika: chupa ikishatobolewa haitakiwi kupita wiki 4, hata ikibaki na dawa karibu nusu, na wiki 4 ni siku 28, si 30 wala 31. Gawa siku 365 kwa 28: unapata 13 na siku moja juu. Hakuna mgonjwa wa insulini, hata mtoto wa yuniti 8, ambaye chupa 12 zinamfikisha mwisho wa Desemba.

Mhasibu atajibu kwamba mituweli yake inalipa asilimia 80. Asilimia 80 ya chupa 12 ni chupa 9.6. Kwa yule anayehitaji 15, bima imelipa asilimia 64, na hapo hatujagusa sindano wala bandeleti, vile vijikaratasi vya kupimia sukari.

Upungufu huo unajitokeza wiki ya mwisho ya mwezi. Mgonjwa anaanza kubana: yuniti 24 zinakuwa 18, kisha 12, na ya jioni anairuka kabisa siku asiyokula vizuri. Mwenye dozi ndogo anafanya kinyume chake. Anaendelea na chupa ya wiki ya sita au ya saba kwa sababu bado ina dawa. Dawa imeshapungua nguvu, sukari inapanda, na daktari asiyeuliza chupa ilifunguliwa lini anaongeza dozi. Siku chupa mpya inapofunguliwa, dozi hiyo iliyoongezwa inamshusha sukari hadi anaanguka. Kwa mwenye sukari ya aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, siku mbili tatu bila insulini zinatosha kuijaza damu asidi. Analazwa, anawekewa seramu (dripu) na potasiamu, anapimwa kila saa. Kitanda hicho mituweli inakilipa bila ubishi, maana kulazwa kumo kwenye mkataba. Chupa 3 ambazo zingemwepusha nacho hazimo.

Sindano nayo ina balaa lake. Mikataba inaandika "sindano" tu, na farmasi inatoa iliyopo. Ya insulini ya yuniti 100 ina kofia ya rangi ya machungwa. Yenye kofia nyekundu ni ya insulini ya zamani ya yuniti 40 kwa mililita, na bado inaweza kuonekana. Ukivuta insulini ya 100 hadi alama ya 20 kwenye sindano ya 40, umevuta nusu mililita, yaani yuniti 50: mara mbili na nusu ya dozi. Sindano ya kawaida ya mililita 1 haina alama za yuniti kabisa. Yuniti 20 ni mililita 0.2, na anayesoma haraka kwenye mwanga hafifu anakosea kirahisi. Tunajua pia kwamba wengi wanarudia sindano moja siku kadhaa. Mtu na sindano yake mwenyewe, asiyeiazima kwa yeyote, si jambo la kumgombeza sana. Tatizo liko kwenye namba za pembeni: zinafutika kwa kushikwashikwa na kwa alkoholi, na mwisho mgonjwa anakadiria kwa macho.

Bandeleti ndizo zinazokatwa kwanza kila bajeti inapobanwa. Mkataba unalipa kipimo kimoja cha hospitali kwa mwezi, asubuhi, tumbo tupu. Kwa anayejidunga, kipimo hicho hakimwambii avute ngapi leo. Na kila mashine ya kupimia sukari inakula bandeleti za aina yake tu. Ndiyo maana mashine nyingi za msaada zimelala kabatini zikiwa nzima. Kabla ya kununua mashine, mituweli ichague aina moja ambayo bandeleti zake zinapatikana mjini mwaka mzima. Wanaotumia vidonge peke yake hawana haja ya kupima kila siku. Kama ni lazima kubana mahali, pabanwe hapo.

Makampuni mengine yanafikiri yanasaidia kwa kutoa chupa za miezi mitatu kwa mpigo. Chupa isiyofunguliwa inataka digrii 2 hadi 8. Katuba au Kenya, mitaa ya hapa mjini, umeme ukikatika usiku kucha mwezi wa Oktoba, mchana joto linapita digrii 30, friji inageuka kabati. Mbaya zaidi, mwenye friji anaisukuma chupa karibu na barafu. Insulini iliyoganda ikiyeyuka inaonekana kama kawaida, lakini imekwisha. Bora chupa zikae kwenye friji ya kituo cha afya na mgonjwa achukue moja kila siku 28. Hiyo anayotumia nyumbani inavumilia: Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha mwaka 2021, kwa vipimo vilivyofuata joto la kambi ya Dagahaley nchini Kenya, kwamba insulini iliyopitia digrii 25 hadi 37 kwa wiki 4 haikupoteza nguvu zaidi kuliko ile ya friji. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, kinatosha. Tarehe ya kufungua iandikwe kwa kalamu juu ya chupa.

Vidonge vya sukari navyo vinahitaji maneno machache. Metformini ya miligramu 2,000 kwa siku ni vidonge 4 vya 500, yaani 120 kwa mwezi, si "boksi moja". Na glibenklamidi, kidonge kingine cha sukari, hata ikiwa rahisi, isiwekwe kwa wazee: tangu 2013 orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeweka gliklazidi mahali pake, na inaonya glibenklamidi isitumiwe na waliopita miaka 60, kwa sababu inashusha sukari kupita kiasi. Wengine wanatuuliza kuhusu zile sindano mpya za mara moja kwa wiki zinazopunguza na uzito. Ziliingia kwenye orodha hiyo Septemba 2025. Zitasubiri, chupa ya 13 haijalipwa bado.

Nani alipe? Mfanyakazi mwenye mkataba hana haja ya kuomba huruma: Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamtaka mwajiri agharimie matibabu na dawa za mfanyakazi na familia yake. CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inalipa pensheni, posho za familia na ajali za kazini. Dawa za sukari si kazi yake. Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023 kwa kuanza na uzazi na watoto wachanga. Anayebaki nje ni mstaafu, akiwemo yule wa Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, aliyeondoka kwenye mpango wa kuacha kazi kwa hiari wa 2003 pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Kwake mituweli ndiyo mlango pekee, tena umri wake ndio wa sukari.

Kamati inayoandika upya mkataba ichukue mstari huu kama ulivyo: "Insulini ya yuniti 100, chupa 1 kila siku 28, au mapema zaidi kulingana na dozi iliyoandikwa na daktari, pamoja na kila chupa, sindano 56 za yuniti 100 zenye kofia ya machungwa, na boksi 1 la bandeleti 50 za mashine ya mgonjwa."

Wauguzi na wafamasia wa huduma ya sukari,
Lubumbashi