Malalamiko: Miche ya Waridi Isiyorudia Kuchanua

Entebbe

Kwa Meneja wa Mauzo,

KUH: MICHE 22 YA WARIDI AINA YA QUEEN ELIZABETH

Mwezi wa Machi, mvua zilipoanza, nilinunua kwenu miche 30 ya waridi hili kwa shilingi 12,000 kila mmoja. Risiti na picha nimeambatisha. Nilimweleza muuzaji wenu bayana: nataka maua ya pinki yenye vikonyo virefu, mengine yapambe ukingo wa njia ya kuingilia nyumbani, mengine niwakatie wapambaji wa harusi. Akasema ndiyo yenyewe.

Queen Elizabeth si ua geni. Lilitolewa Marekani mwaka 1954, na aliyelitunza analijua: hurefuka hata kumpita mtu, na ukilikata juu ya jani lenye vijani vitano hutoa tawi jipya, likachanua tena baada ya wiki sita hadi nane hivi. Huku kwetu hakuna majira ya baridi ya kulilaza.

Kwenye miche 22 kati ya hiyo 30, yaliyoota kwangu ni mengine. Matawi yamelegea, majani yana vijani saba hadi tisa, na pale jani linaposhikana na tawi kuna vinyuzi kama kope. Yakatoa vishada vya maua meupe, madogo, petali tano tano. Yakapukutika, basi.

Nikafukua udongo shinani. Tepi ya plastiki mliyofungia bado imekaza, na chini yake jicho lililobebeshwa, yaani chipukizi la Queen Elizabeth lililopachikwa kwenye shina la waridi jingine, limekauka, jeusi tii. Kila chipukizi limetokea chini ya kiungo, pale jicho lilipopachikwa. Kwa ufupi, mmeniuzia shina la kubebeshea, lile la kutoa mizizi tu, kwa bei ya Queen Elizabeth.

Mhudumu wenu alinijibu niongeze mbolea na nipulizie dawa ya madoa meusi, ugonjwa wa majani ya waridi. Madoa meusi tunaoishi kando ya ziwa tunayafahamu sana, na majani yaliyoanguka nayaokota na kuyachoma. Ila naomba nionyeshwe mbolea inayogeuza ua la pinki kuwa jeupe. Isitoshe, miche minane ambayo jicho lake lilishika iko kwenye tuta hilohilo, inakula samadi ileile, na sasa inachanua kwa mara ya pili.

Naomba mojawapo: mnirudishie shilingi 264,000, au mniletee miche 22 mingine kabla ya mvua za Septemba. Mkileta miche, nitaikagua mmoja mmoja kabla haijashushwa garini, na usio na tawi hai juu ya kiungo utarudi nao dereva. Vyovyote mtakavyochagua, tumeni vijana waje kung'oa hii iliyopo pamoja na mizizi, maana ikikatwa tu huchipua upya.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitafungua shauri mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10.

Wenu,
Mteja