Betri ipi hiyo yenye waranti? Yadi watuandikie kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Nataka kuongelea haya magari ya umeme yaliyotumika, naona huku Arusha yameanza kuingia mojamoja na najua kuna watu sasa hivi wanayapigia hesabu usiku kama nilivyopiga mimi mwaka jana, basi kabla hawajatoa hela wasome hii.

Mi ni mshonaji wa sare za shule, nipo Ngarenaro, na nusu ya wateja wangu wako Moshi, kwahiyo kwa wiki naenda mara moja au mbili na mzigo. Nilikuwa na Noah ya zamani, kwenda Moshi na kurudi ni kilometa 160 hivi, inakunywa lita 16 na kuendelea, wewe zidisha kwa bei ya petroli ya siku hizi uone sare ngapi zimeondoka hapo. Mtoto wa kaka yangu ndo akaniambia shangazi kuna gari za umeme, ukinunua LUKU ya elfu kumi unapata yuniti 28 hivi, unaenda Moshi na kurudi. Nikacheka. Baadaye nikaacha kucheka nikachukua kalamu.

Nikapata Nissan Leaf ya 2014 kwenye yadi moja Dar, milioni 19, imetembea kilometa 61,000, viti havina hata doa. Kwenye tangazo wameandika betri ina waranti ya miaka 8 na chaji moja inakwenda kilometa 228. Kijana wa yadi nilivyompigia akanitumia picha ya dashibodi, pale pembeni pa betri kuna vijiti 12 vidogovidogo vya kuonyesha afya ya betri, vimekaa vyote, akasema mama hiyo ni kama mpya. Nikamuuliza na waranti? Akasema mama usiwe na wasiwasi, kwenye risiti nitakuandikia. Na kweli akaandika. Gari likapakiwa kwenye lori likaja Arusha, maana kwa umeme wake lisingefika hata Korogwe, kwahiyo safari ndefu ya kulijaribu sikuwahi kuifanya, nililipokea likiwa limeshalipiwa lote. Hilo kosa ni langu.

Wiki mbili za kwanza raha tupu. Halina mlio, kuku wa jirani walikuwa hawashtuki mpaka tairi liwe mbele ya mdomo.

Wiki ya tatu nikawa natoka Moshi jioni na mvua inanyesha. Nilikuwa nimelichomeka kwa dada yangu Majengo tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja, limejaa, lenyewe linasema lina kilometa 130. Boma Ng'ombe sawa. KIA sawa. Kufika Kikatiti nikaona namba zinashuka kuliko barabara, yaani nimetembea kilometa 10 zimeondoka 20, nikazima feni, nikazima redio, nikabaki na wipa na taa tu. Usa River namba zikapotea kabisa vikabaki vistari vitatu. Ile kupanda kuja Tengeru ikawaka taa ya kobe. Sio utani, waliotengeneza hilo gari wameweka mchoro wa kobe kwenye dashibodi, ukiuona ujue mwendo umeisha. Nikaingia kando pale kwenye maduka, mama mmoja mwenye saluni akanionea huruma, tukapitisha waya dirishani, nikakaa kwenye kiti cha wateja saa tatu nzima na kila anayeingia anauliza eti mama unachaji gari? Hela hakutaka, nikamnunulia LUKU ya elfu tano.

Na mlima huo msiuchukulie poa. Moshi iko mita 800 na kitu, Arusha ni 1,400 hivi. Kupandisha gari la tani moja na nusu mita 500 na zaidi kunakula yuniti mbili na ushee, nje ya zile za kutembea. Kwenda unashuka linajirudishia kidogo, kurudi ndo unalipa.

Sasa tangu siku ile vijiti vikaanza kuondoka. Kikaondoka kimoja, baada ya wiki kingine, mwezi haujaisha vimebaki 9. Nikajua nimeliua mimi, labda nimelichaji vibaya. Mpwa wangu akanunua kakidude ka elfu thelathini kanakochomekwa chini ya usukani, kanaongea na simu kupitia programu inaitwa Leaf Spy, ikatuonyesha uzima wa betri ni asilimia 67. Akanyamaza, halafu akasema shangazi hapa umepigwa. Kumbe kuna mchezo, ile kompyuta inayohesabu afya ya betri inafutwa kumbukumbu, inaanza kuhesabu upya kama vile betri ni mpya, vijiti vinarudi 12 na unapigiwa picha. Betri yenyewe imebaki vilevile. Ukilitumia wiki kadhaa kompyuta inagundua ukweli wake inaanza kushusha kimoja kimoja. Nani alifuta, wa yadi au wa Japani huko, siwezi kuapa.

Ila kuna kipimo ambacho hakifutiki na kila mtu anacho ukutani. Nilitembeza gari mpaka karibu na kobe, nikarudi nyumbani, nikazima friji, pasi, taa, kila kitu, nikasoma LUKU: 41.6. Nikalichomeka mpaka likajaa lenyewe likakata. Asubuhi LUKU inasoma 23.9. Yaani limekula yuniti 17.7, na humo kuna zile zinazopotea njiani wakati wa kuchaji. Betri ya gari hili ikiwa mpya inaitwa ya 24, ambazo ni yuniti zilezile za TANESCO, ingekula kama 25 hivi ukitoka patupu mpaka kujaa. Kipimo hicho kinataka usiku mmoja tu, na yadi isiyokubali ulifanye hivyo kabla ya kulipa, mi naona jibu umeshapewa.

Nikapiga simu Dar. Nikamwambia kijana, mwanangu, mimi mama yako wa Arusha, betri imeshuka na risiti ninayo mkononi imeandikwa "BETRI – WARANTI MIEZI 6". Akanijibu bila hata kusita, ndio mama, ile betri ndogo ya mbele. Mhariri, gari hili lina betri mbili! Ipo ya volti 12 kwenye boneti kama ya gari lolote, ya kuwashia taa na kompyuta, ukiikosa unaenda dukani unanunua nyingine. Na ipo ile kubwa iliyolala chini ya sakafu, kama kilo 300, ambayo ndiyo gari lenyewe. Milioni 19 zangu zilikuwa chini ya sakafu, waranti yangu ikawa kwenye boneti. Neno ni moja tu, betri, na hajadanganya hata herufi.

Nikamuuliza na ile miaka 8 ya kwenye tangazo? Akasema hiyo ni ya kampuni.

Hapo ndo nikaanza kusoma, nilichotakiwa kufanya mwanzo. Miaka 8 haikutoka hewani, ipo, ila sio ya gari langu. Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya 24, zikaja za 30, halafu za 40. Za 30 na 40 ndo ziliahidiwa miaka 8 au kilometa 160,000, kitakachotangulia. Za 24 ahadi ya kupungua uwezo ni miaka 5 au kilometa 100,000. La kwangu ni la 2014, jumlisha 5 ni 2019, yaani waranti ilikufa kabla ya korona, mimi bado nashona kwa cherehani ya miguu. Na inahesabiwa tangu gari liliposajiliwa mara ya kwanza kule kwao, sio siku wewe uliyolipa. Na hata ingekuwa hai, haipandi meli. Ni ahadi ya kampuni kwa mwenye gari wa Japani, kwenye karakana zao za Japani.

Kitu kingine sikukijua, hiyo ahadi haisemi betri haitapungua. Kupungua wanakukubali. Wanachosema ni kwamba ikishuka chini ya vijiti 9 ndani ya muda huo watairekebisha irudi angalau 9, hawakurudishii 12. Na vijiti vyenyewe havilingani, cha kwanza kuondoka kinabeba asilimia 15 peke yake, vingine kama 6 kila kimoja, kwahiyo ukiambiwa "kimepungua kimoja tu mama" ujue hicho kimoja ni kinene. Tena ahadi hii ya vijiti haikuwepo Leaf za kwanza kabisa zinatoka, ilikuja baada ya wateja wa Arizona kule Marekani kupiga kelele 2012, joto lilikuwa linawamalizia betri, maana betri ya Leaf haina maji ya kuipoza kama rejeta. Kwa hilo baridi yetu ya Arusha ni neema, ila kama gari lilikaa miezi juani sehemu ya joto kabla ya kukufikia, hilo risiti haisemi.

Na zile kilometa 228 ni za kipimo cha Japani. Wamarekani walipima gari hilohilo la 2014 wakapata kama 135. Betri ikiwa mpya. Toa theluthi hapo unielewe nilivyofika Tengeru.

Ninachoomba, na naomba kwa wenye yadi wa Dar na huku kwetu, ni kitu cha mistari minne kwenye risiti. Andika betri kubwa, sio betri. Andika uzima wake asilimia ngapi siku ya kuuza na yuniti ngapi imekula kujaa. Andika ikishuka chini ya kiasi fulani ndani ya miezi fulani nani analipa, yadi au mteja, na gari linatengenezewa wapi. Kama hakuna waranti andika hakuna, mtu mzima atapunguza bei mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na tangazo la miaka 8 ninalo kwenye simu pamoja na ile picha ya vijiti 12, nitavipeleka Tume ya Ushindani, ila ningependa zaidi biashara yenyewe ijirekebishe kabla hatujafika huko.

Msinielewe vibaya, gari silirudishi. Nimeliacha la mjini, Ngarenaro, Sakina, Njiro, sokoni Kilombero, kwa mizunguko hiyo elfu kumi ya LUKU inanimalizia wiki na ushee. Moshi naenda kwa basi na mzigo unapanda juu. Fundi mmoja ananiambia ndani ya ile betri kuna vipande 48 na vilivyochoka vinaweza kutolewa vikawekwa vingine, nasikiliza, lakini humo kuna umeme wa volti karibu 400 na sitaki kumpelekea mtu anayejifunzia kwangu.

Kama kuna yadi Arusha au Moshi ambayo tayari inaandika uzima wa betri kubwa kwenye risiti, naomba waandike hapahapa gazetini, maana dada yangu wa Majengo ameshaliona hili la kwangu analitaka na lake, na nimemwambia asubiri.

Mshona sare,
Ngarenaro, Arusha