Barua ya wazi kwa vijana wanaotaka uhandisi wa tishu

Wanangu,

Uhandisi wa tishu ni kujenga sehemu za mwili kwa seli hai, na wengi wenu mnavutwa na picha za moyo au figo zilizochapishwa kwa mashine. Anzeni kwingine: ni umbali gani oksijeni inaweza kupenya? Seli iliyo zaidi ya mikromita 100 hadi 200 kutoka kwenye kapilari, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, hukosa hewa ikafa. Ndiyo maana ngozi, ambayo ni nyembamba, na gegedu, isiyo na mishipa ya damu, zilitangulia kuwafikia wagonjwa, na ini zima bado. Kwa maoni yangu, asiyejua achague nini cha kutafiti achague mishipa ya damu.

Shahada ya kwanza si hoja kubwa. Mwanabiolojia aongeze mekanika na hesabu za usambaaji, yaani jinsi oksijeni na virutubisho vinavyopenya kwenye tishu; mhandisi aongeze biolojia ya seli; takwimu, nyote.

Kazi ya mikono ndiyo inayowaangusha wengi. Seli za binadamu huoteshwa kwenye nyuzi 37, kaboni dioksaidi ikiwa asilimia 5. Mnapozibandua kwenye chombo kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, msifuate saa peke yake: tazameni kwenye hadubini, na zikishaviringana na kuanza kung'oka, mimineni kiowevu cha kuoteshea chenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) ili kuizima tripsini. Mkichelewa kuizima, hutafuna protini za juu ya seli, na nyingi hazitashika tena kwenye kiunzi, yaani umbo la kuzishikilia zikikua. Za kuhifadhi zigandisheni ndani ya kiowevu chenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali ya kuzikinga na barafu, joto likishuka takriban nyuzi 1 kwa dakika, kisha zihamishieni kwenye nitrojeni ya kimiminika. Zikigandishwa haraka mno, barafu hujiunda ndani ya seli na kuzipasua. Kuyeyusha, kinyume chake, kunataka haraka.

Nawasihi sana kuhusu mikoplasma, bakteria wadogo mno wanaochafua seli za maabara. Haina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiidhuru. Haikitii kiowevu ukungu, kwa hiyo jicho haliioni. Na inaweza kupenya kichujio cha mikromita 0.2. Matokeo yenu yataharibika huku seli zikionekana nzima. Pimeni kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yake, kila mwezi, na chupa iliyoambukizwa itupwe. Antibiotiki za kila siku huficha uzembe, hivyo jifunzeni bila hizo. Andikeni pia namba ya toleo la seramu, kwani toleo jipya laweza kubadili ukuaji wote.

Ajira haziishii kwenye uprofesa: udhibiti wa ubora na uzalishaji wa tiba za seli vinahitaji watu wenye nidhamu hii hii. Na kabla ya kujiunga na maabara yoyote, ulizeni mikoplasma ilipimwa lini mara ya mwisho, kisha ombeni kuona daftari.